Minyoo fundo kwenye nyanya: tuache kutafuta chupa ya kuwamaliza, tuongee namna ya kuwanyima chakula

JembeLaMeru (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za shambani.

Kila baada ya siku chache humu jukwaani mtu anatupia picha ya mzizi wa nyanya uliojaa vinundu na swali ni lile lile: "dawa gani inaua hii kitu?" Majibu nayo ni yale yale, kila mmoja anataja chupa yake. Nimeona nianzishe uzi mmoja tuweke mambo sehemu moja, kwa sababu swali lenyewe limekaa vibaya. Hakuna chupa, ya kiwandani wala ya kienyeji, itakayowaondoa minyoo fundo shambani kwako wakaisha kabisa. Tunachoweza ni kuhakikisha siku unayopandikiza wako wachache, mche uwahi kujenga mizizi kabla hawajazaliana. Kazi hiyo inafanyika KABLA ya kupanda. Ukishaona nyanya zinalegea saa saba mchana na kuamka jioni, kwa msimu huo wewe ni wa kupunguza hasara tu.

Tumfahamu mdudu kwanza. Kitaalamu kundi lake linaitwa Meloidogyne. Kwenye maeneo ya joto wanaotusumbua zaidi ni Meloidogyne incognita na Meloidogyne javanica. Huko milimani kwenye baridi yupo pia Meloidogyne hapla. Mtoto anayeanguliwa hafiki hata nusu milimita, kwa macho humwoni. Anaingia kwenye ncha ya mzizi, anachagua mahali, anazigeuza seli za mmea zimlishe, na akiwa jike anavimba tumbo mpaka hawezi kusogea tena. Hapo ndipo mzizi unapotengeneza fundo. Chukua fundo moja, lipasue taratibu kwa kiwembe mahali penye mwanga: utaona vipunje vyeupe vinavyong'aa, vidogo kuliko kichwa cha pini. Hao ndio majike. Kila mmoja anataga mayai mamia kadhaa ndani ya kifuko cha utelezi. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 28, kizazi kinakamilika ndani ya mwezi mmoja hivi. Nyanya yako inakaa shambani miezi mitatu, minne. Piga hesabu mwenyewe.

Cha pili: mnyoo huyu hasafiri. Kwa nguvu zake mwenyewe msimu mzima hamalizi hata mita moja. Kama amefika kwako, ameletwa na miche, jembe la kuazima, trekta la kukodi, maji ya mfereji yaliyopita kwa jirani, au gumboots za kibarua.

Sasa lile jambo ambalo halina gharama na hatulifanyi. Ukimaliza kuchuma, NG'OA MIZIZI. Desturi yetu tunajua: bei ikishuka tunaliacha shamba, tunafungulia ng'ombe, wanakula majani, mashina yanabaki. Chini mzizi bado uko hai, na minyoo wanaendelea kula na kutaga wiki hata wiki bila mtu kuwasumbua. Ng'oa shina na mizizi yake, kusanya, anika juani, choma. Usipeleke kwenye shimo la mboji, kwa sababu mboji zetu nyingi hazipati moto wa kutosha. Kisha kama ni kiangazi, lima, acha jua lipige, baada ya wiki mbili geuza tena. Mtoto wa mnyoo akishaanguliwa anaishi kwa akiba ya mafuta mwilini mwake. Asipopata mzizi, na udongo ukakauka, anakufa njaa.

Na unapolipumzisha shamba lipumzike kweli. Shamba lililojaa mnavu na mchicha pori halijapumzika, minyoo wanapata mlo kamili hapo.

Nitaendelea. Karibuni.

Mgosi wa Lushoto

Nafuatilia. Weka na habari za samadi mkuu, huku kwetu tunasikia samadi ya kuku inawaua.

Binti_Ilula

Asante kwa uzi kaka. Mimi nalima Roma VF, muuzaji aliniambia ni ya kuvumilia magonjwa. Mbona mafundo yanaipiga kama kawaida?

MamaMaabara

Dada, VF ni herufi za magonjwa mawili: V ni Verticillium, F ni Fusarium. Yote ni fangasi wa kunyausha. Kwa minyoo fundo unatafuta herufi N, mfano VFN. Pakiti za siku hizi hasa za chotara zinaandika Ma, Mi, Mj, yaani arenaria, incognita na javanica. Kama hakuna N wala hizo M, mbegu yako haijaahidiwa chochote upande wa minyoo. Muuzaji hakukudanganya sana, alikuambia nusu ya habari.

Ila na zenye N msizibebe kama hirizi. Ukinzani huo kwenye nyanya unatokana na jeni moja inayoitwa Mi (jina tu limegongana na ile Mi ya incognita), iliyotolewa kwenye nyanya pori ya Peru miaka ya 1940. Ina udhaifu wa aina mbili. Udongo ukipanda juu ya nyuzi 28 hivi inalegea, na sehemu kama Ruaha Mbuyuni au Kahe mwezi wa kumi na moja udongo usiofunikwa unafika hapo bila shida. Pili, haimzuii hapla wa milimani. Kwa hiyo panda yenye N, weka matandazo udongo upoe, na mengine yote aliyosema mwanzisha uzi uyafanye.

Binti_Ilula

Aisee. Miaka yote hii nasoma VF nikijua ni jina tu la mbegu.

Kibarua wa Zamani

Jamani mbona mnazunguka sana, kabofurani ipo, unamwaga punje kwenye shimo unapanda, habari imeisha. Wazee wetu walitumia.

JembeLaMeru

Mzee wangu, heshima yako, ila hapo nakataa. Kabofurani ni miongoni mwa sumu kali zaidi zilizowahi kuuzwa kwa mkulima. Punje hizo hizo ndizo watu walitumia kutia kwenye mizoga ili kuua simba na tai, Kenya ikapiga kelele mpaka kiwanda chenyewe kikaanza kuzirudisha kutoka madukani mwaka 2009. Na nyanya inachumwa kila wiki, sumu inayopanda na maji ya mmea mpaka kwenye majani si ya kuchezea.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: ukiimwaga sehemu ile ile msimu hadi msimu, bakteria wa udongo wanajifunza kuila. Inavunjika upesi kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana mtu anakuambia "zamani ilikuwa inafanya kazi, siku hizi wanachakachua". Wakati mwingine hawajachakachua, udongo umeshaizoea.

Gesi ya methili bromidi nayo, iliyokuwa inapigwa kwenye mashamba ya maua na vitalu vya tumbaku, imeondolewa kwa Mkataba wa Montreal kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea zilipewa mpaka 2015. Kwa hiyo hata matajiri wenye vitalu nyumba vya Naivasha na Arusha wamelazimika kurudi kwenye hivi vitu tunavyoongea hapa.

Kibarua wa Zamani

Sawa kijana, tuendelee kusikiliza. Ila mkishindwa msiseme sikusema.

Mwenyeji wa Mwea

Hamjambo ndugu zetu wa TZ. Mimi niko Kirinyaga upande wa Mwea. Kwetu mpunga ndio dawa. Shamba likikaa na maji msimu mzima, ukivuna ukatoa maji ukapanda nyanya ama mishiri (yale maharage ya kula maganda), hayo mafundo unayaona kwa uchache sana. Jirani yangu wa ile sehemu ya juu isiyopata maji analia kila mwaka, na tunanunua miche kwa mtu mmoja. Sasa niliuliza kwa agroveti, akaniambia ni bahati. Ni bahati kweli?

MamaMaabara

Si bahati ndugu yangu. Udongo uliofurika maji kwa wiki nyingi unakosa hewa, na mabaki ya mimea yanayooza humo bila hewa yanatoa asidi zinazowaua minyoo. Mpunga kufuatiwa na nyanya ni mpangilio mzuri kuliko dawa nyingi. Sharti lake ni kwamba maji yakae mfululizo. Kumwaga maji mara moja kwa wiki ni kumnywesha mnyoo, maana anapenda unyevu.

Na mtu asije akasema mpunga hauna minyoo yake. Upo mnyoo fundo wa mpunga, Meloidogyne graminicola, lakini huyo ni mwingine na habari yake ni nyingine.

Mgosi wa Lushoto

Sisi tusio na majaruba tubadilishe na nini? Bwana shamba alisema mahindi.

JembeLaMeru

Hapa ndipo ushauri wa jumla unapotuumiza. Mahindi yanabeba incognita vizuri tu, ila hayaonyeshi mafundo makubwa, kwa hiyo unaona mzizi safi kumbe umefuga. Zipo aina za mahindi zinazozalisha wachache na zipo zinazozalisha wengi, na pakiti haikwambii. Maharage, bamia, matango, karoti, bilinganya, nyanya chungu, viazi: wote ni wenyeji wazuri wa huyu mgeni. Kumtoa nyanya ukamweka bilinganya hujabadilisha kitu.

Vinavyofaa: karanga kwa incognita na javanica (ila kwa hapla hapana, hivyo watu wa baridi kaeni mbali), na nyasi. Ndiyo, nyasi za malisho. Zimbabwe wakulima wa tumbaku kwa miongo mingi wamelaza mashamba yao chini ya nyasi za Rhodes, aina ya Katambora, kwa sababu minyoo fundo hawapati kitu humo. Mwenye ng'ombe wa maziwa huku Meru au Hai ana jibu mkononi: shamba la nyanya lililoshindikana ligeuze la majani ya ng'ombe, misimu miwili mitatu. Maziwa yanalipa ada ukisubiri.

Na marejea.

Mngoni wa Peramiho

Umetaja marejea umenigusa. Huku Songea marejea tunayajua toka utoto. Padre Gerold Rupper wa Wabenediktini pale Peramiho ndiye aliyeyahubiri miaka ya 1980, wazee wanakumbuka. Sisi tulikuwa tunajua yanarutubisha ardhi na kuua magugu, habari ya minyoo ndiyo naisikia leo.

MamaMaabara

Vyote ni kweli. Marejea ni Crotalaria ochroleuca, na jamii nzima ya Crotalaria inasifika kwa hili. Watoto wa mnyoo wanaingia kwenye mizizi yake lakini wengi hawakui mpaka kutaga, kwa hiyo wanaishia humo. Ukiyafukia yakiwa yanaanza kutoa maua, yanaongeza naitrojeni na mboji kwa mkupuo mmoja. Watani wetu wa magharibi mwa Kenya wanayala kabisa, wanaita mitoo, mboga chungu nzuri tu.

Tahadhari: Crotalaria ziko nyingi sana na baadhi zina sumu kwa mifugo, hasa mbegu. Usiokote yoyote porini ukampa ng'ombe kwa kuwa inafanana na marejea.

Mkaanga Sumu

Vipi bangi mvuru? Nimeona video mtu anapanda maua ya njano pembezoni mwa shamba anasema minyoo wanakimbia harufu.

JembeLaMeru

Video hizo zimepotosha wengi. Minyoo hawakimbii harufu, wako chini ya ardhi na hawana habari na maua yako. Kinachofanya kazi ni mzizi wa mmea ukiwa HAI. Bangi mvuru (Tagetes minuta) na ndugu zake wale wa bustanini, Tagetes patula na Tagetes erecta, wana kemikali mizizini inayoitwa alfa-terthienili. Mnyoo akiingia kwenye mzizi ndipo inapompata. Sasa mstari mmoja pembezoni unamsaidia nani? Mnyoo aliyeko katikati ya shamba hatembei mita kumi kwenda kujiua.

Ukitaka matokeo, panda shamba zima, kwa karibu, sentimita 20 hivi kati ya mche na mche, ukae nayo miezi miwili hadi mitatu, palilia magugu mengine yasiwape minyoo pa kujificha, halafu fukia. Yaani ni zao la mzunguko, si pambo. Kuchanganya mstari wa nyanya na mstari wa maua kunasaidia kidogo sana na nyanya zinagombania maji. Kwa bangi mvuru yenyewe, ikate kabla haijakomaza mbegu, la sivyo umejitafutia gugu la kudumu. Wanaotoka Arusha wanajua linavyong'ang'ania.

Kati ya hizo mimi nampa marks Tagetes patula, ile fupi ya rangi ya machungwa na damu ya mzee. Matokeo yake ndiyo yenye uhakika zaidi kwa aina nyingi za minyoo.

Mgosi wa Lushoto

Samadi ya kuku bado hujajibu mkuu 😀

JembeLaMeru

Haya, samadi. Inafanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya haraka: mbolea yenye naitrojeni nyingi ikioza inatoa amonia, na amonia inaua minyoo. Ndiyo maana samadi ya kuku inaishinda ya ng'ombe, na mashudu ya mwarobaini yanazishinda zote mbili kwa sababu yana naitrojeni na pia uchungu wake wenyewe. Lakini amonia hiyo hiyo inaunguza miche. Changanya na udongo, mwagilia, subiri wiki tatu ndipo upandikize. Wanaoweka mbichi ya kuku kwenye shimo na kupanda kesho yake wanaua mche kabla mnyoo hajaufikia.

Njia ya pili ni ya polepole na kwangu ndiyo ya maana zaidi. Udongo wenye mboji una maadui wa minyoo. Watu wakisikia "nematodi", yaani jamii nzima ya hawa minyoo wadogo, wanadhani wote ni wabaya, kumbe wengi walioko kwenye konzi ya udongo wako wanakula bakteria na fangasi na hawana ugomvi na wewe. Wapo wanaokula minyoo wenzao. Zipo utitiri zinazowatafuna. Na wapo fangasi wawindaji, hawa wananifurahisha kuliko kitu chochote shambani: Arthrobotrys oligospora anatandaza nyavu zinazonata, mnyoo akigusa hatoki. Ndugu yake mwingine anatengeneza vitanzi vya seli tatu. Mnyoo akipitisha kichwa, kitanzi kinavimba na kumkaba ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Baada ya hapo fangasi anaota ndani ya mwili wake na kumla.

Hili si jambo la jana. Huko Hawaii mwaka 1937 mtafiti Linford alifukia majani ya mananasi yaliyokatwakatwa kwenye udongo wenye minyoo fundo, akaona mafundo yanapungua na maadui hao wakishamiri. Mtu anayemwaga sumu ya udongo kila msimu anawaua na hao, kisha minyoo wachache waliobaki wanarudi kwenye shamba lisilo na polisi.

Shamba_Darasa

Mimi nataka kuuliza kuhusu hizi dawa za kibaolojia za madukani. Nilinunua duka moja la pembejeo, unga wa fangasi, bei imesimama, nikamwaga mara moja baada ya kuona mafundo. Sikuona tofauti yoyote. Ni utapeli?

MamaMaabara

Si lazima iwe utapeli. Tuone umenunua nini na umetumiaje.

Unayouziwa mara nyingi ni Purpureocillium lilacinum, vitabu vya zamani vinamwita Paecilomyces. Huyu anakula MAYAI. Yupo pia Pochonia chlamydosporia, naye mla mayai. Kuba wanamzalisha na kumtumia kwenye mboga. Sasa fikiria: ulimwaga baada ya kuona mafundo. Majike walikuwa wameshajichimbia ndani ya mzizi, fangasi hawezi kuwafikia humo. Angekula mayai ya kizazi kijacho, lakini madhara uliyoyaona wewe ni ya kizazi kilichopita.

Kwa hiyo anaanza kitaluni. Changanya kwenye udongo wa trei au mwagia miche siku chache kabla ya kupandikiza, mwagia tena kwenye shimo, kisha rudia kila baada ya wiki sita hivi kulingana na maelekezo ya pakiti. Udongo uwe na unyevu. Mwaga jioni, jua linaua spora (mbegu zake). Usimwage dawa ya ukungu kwenye udongo huo huo, maana huyu naye ni fangasi, utakuwa unamleta kwa mkono wa kulia na kumuua kwa wa kushoto.

Halafu dukani: ni kiumbe hai. Kama pakiti ilikuwa imekaa dirishani inapigwa na jua, au tarehe imepita, umenunua unga wa maiti. Uliza walikuwa wanaihifadhi wapi. Angalia namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya viuatilifu ya Tanzania, na kwa Kenya PCPB. Isiyo na namba, iache hapo hapo.

Shamba_Darasa

Duuh. Ilikuwa juu ya rafu ya bati, karibu na mlango. Nimeelewa.

JembeLaMeru

Niongeze kwa MamaMaabara: Pasteuria penetrans. Huyu ni bakteria, hamumpati kirahisi dukani kwa sababu kumzalisha bila mnyoo mwenyewe ni shida kubwa. Spora zake zinanata kwenye ngozi ya mtoto wa mnyoo anapopita. Mnyoo anaingia mzizini na ugonjwa wake, anakua, lakini badala ya mayai tumbo linajaa spora kama milioni mbili. Akifa zinamwagika kwenye udongo, na zinavumilia ukame miaka mingi. Kuna mashamba ya zamani ambayo minyoo wamepungua wenyewe na hakuna aliyejua sababu mpaka udongo ulipopimwa ukakutwa na huyu. Ukiwa na shamba la hivyo usilivuruge kwa sumu.

Omwana wa Bukoba

Wakuu nisaidieni upande wa migomba. Kwetu inaanguka na mizizi yake ikiwa imebeba mkungu, upepo mdogo tu. Ni hawa hawa?

MamaMaabara

Ni jamaa zao. Kwenye migomba wakorofi ni Radopholus similis maeneo ya joto, na Pratylenchus goodeyi huko juu kwenye baridi. Hawatengenezi mafundo, wanatafuna mzizi mpaka unakuwa mwekundu kahawia na kuoza, mgomba unabaki umesimama kwa mazoea. Chana mzizi kwa urefu uone rangi ndani. Ila angalia pia fukusi, kwa sababu naye anaangusha, na mara nyingi wanakuja pamoja.

Dawa yake iko kwenye mche. Chukua chipukizi, menya tunguu kwa kisu mpaka liwe jeupe kabisa, toa mizizi yote na kila doa la kahawia. Kisha litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Njia hii IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, wameifundisha sana, na inawezekana kwa sufuria kubwa na kuni tatu. Zamani ilishauriwa maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 20, lakini bila kipimajoto kijijini mtu anapika mche au anauogesha tu. Sekunde 30 za maji yanayochemka hazihitaji kipimo, hesabu kwa sauti. Usizidishe. Maganda na mizizi uliyomenya peleka mbali na shamba jipya.

Omwana wa Bukoba

Wakola muno mama. Tunguu litachemka na halitakufa kweli?

MamaMaabara

Joto la sekunde hizo linaishia juu juu, jicho la kuchipua liko ndani. Jaribu na mawili matatu kwanza kama una wasiwasi.

Mwenyeji wa Mwea

Na viazi huku Kenya mnajua tumepata ule mnyoo wa vifuko? Nyandarua.

JembeLaMeru

Ndiyo, Globodera rostochiensis, uliripotiwa Kenya mwaka 2015. Huyo ni mgumu zaidi kwa sababu jike akifa ngozi yake inakuwa kifuko kigumu kinacholinda mayai hata miaka 20. Watu wa icipe (kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi) na IITA walijaribu kitu kizuri: mbegu ya kiazi unaifunga kwenye karatasi iliyotengenezwa kwa nyuzi za mgomba yenye chembe kidogo sana ya abamektini, dawa ya kuua minyoo, unapanda hivyo hivyo. Utafiti ulitoka 2022. Kilichonivutia ni kwamba karatasi yenyewe, hata bila dawa, inanyonya zile kemikali ambazo mzizi unatoa na mnyoo anazitumia kujua mlo uko wapi.

Wa TZ msinunue mbegu ya viazi ya magendo yenye udongo udongo. Nasema hivyo tu.

Binti_Ilula

Swali langu lingine. Kwenye maharage yangu nimeng'oa nikakuta vinundu vingi mizizini. Nimeshayafyeka nusu shamba, nikaingiwa na wasiwasi nikasimama.

MamaMaabara

Simama hapo hapo! Maharage, kunde na karanga zina vinundu vyao halali vya bakteria wanaotengeneza naitrojeni. Visukume kwa kidole gumba: kama vinabanduka kirahisi na ukivipasua ndani ni rangi ya waridi, hiyo ni mbolea ya bure. Fundo la mnyoo halibanduki, ni mzizi wenyewe umevimba.

Na kwa nyanya zinazonyauka ghafla zikiwa kijani, msikimbilie kusema minyoo. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Kama baada ya dakika chache kinashusha uzi mweupe wa maziwa, huo ni mnyauko bakteria. Mara nyingi mnyoo ndiye aliyetoboa mlango bakteria akaingia, kwa hiyo kagua na mizizi.

Binti_Ilula

Yanabanduka na ni waridi kabisa. Mungu akubariki dada. Nusu iliyobaki imepona.

Mgosi wa Lushoto

Kitaluni tufanyeje? Miche ndiyo inaanzia huko.

JembeLaMeru

Nailoni angavu. Si nyeusi, angavu, ile inayopitisha jua. Tengeneza tuta lako la kitalu, vunja mabonge, mwagilia mpaka unyevu ushuke chini, tandaza nailoni ikigusa udongo, fukia kingo zote hewa isipite. Acha wiki nne hadi sita wakati wa jua kali. Udongo wa juu unapanda zaidi ya nyuzi 45. Watafiti wa Israeli waliitangaza njia hii mwaka 1976. Inafanya kazi mpaka sentimita 15 au 20, chini ya hapo wanapona, kwa hiyo baada ya kufunua usichimbe kwa kina ukawapandisha. Kwa kitalu inatosha. Kwa ekari nzima gharama ya nailoni itakutoa roho.

Lushoto na mawingu yenu ya Juni msijaribu mwezi huo. Subirini Januari, Februari. Ambaye hawezi kusubiri achome pumba za mpunga juu ya tuta, moto wa polepole, au apande kwenye trei kwa udongo uliochemshwa.

Kijana wa Dumila

Nimesoma uzi wote. Mimi nataka kukodi ekari mbili huku, mwenye shamba anasema limelimwa nyanya miaka miwili iliyopita. Nitajuaje kama lina minyoo kabla ya kutoa hela?

MamaMaabara

Njia ya uhakika ni kupima udongo, watu wa Morogoro mko jirani na SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine. Njia ya nyumbani: tembea shamba kwa zigizaga, chota udongo wa kina cha jembe sehemu kama ishirini, changanya kwenye ndoo, jaza makopo manne matano, panda tango au nyanya isiyo na N. Weka na kopo moja lenye udongo uliochemshwa kwa ajili ya kulinganisha. Mwagilia kama kawaida, wiki ya tano au ya sita ng'oa, osha mizizi ndani ya maji, angalia.

Kijana wa Dumila

Wiki sita dada? Mwenye shamba anataka hela Jumamosi.

JembeLaMeru

Basi nenda leo jioni na jembe. Shamba lililokaa bila zao halikosi mnavu, mchicha pori au nyanya zilizojiotea. Zichimbe, usizivute maana mizizi itakatika, chimba na udongo wake, osha kwenye mfereji pale pale. Chukua sehemu za mabondeni na kwenye maingilio ya maji, ndiko wanakoanzia. Ukikuta mafundo una sababu ya kushusha bei, au kukodi kwa ajili ya karanga msimu wa kwanza. Usipokuta kwenye mimea kumi na tano iliyosambaa, lipia, ila miche uje nayo safi.

Kijana wa Dumila

Naenda sasa hivi. Nitaleta picha.